Ukweli Uliobanwa kwa Miiba

Mwalimu Amran alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha watu wote wa Tarbaj. Ukimwambia jambo lolote, alikuuliza umelijuaje. Ungesema, "Mvua imenyesha Bute," naye angejibu, "Nani kaiona?" Ukimtaja dereva wa lori, angeuliza tena, "Aliiona mwenyewe, au na yeye kaambiwa?" Mwishowe tulizoea, tukawa tunamwahi: "Mwalimu, ngamia wa Maka amezaa, nimemwona kwa macho yangu, wallahi."

Alifundisha darasa la ngumbaru, yaani la watu wazima, katika chumba kimoja cha mawe kilichoachwa na mkandarasi kabla hakijapigwa lipu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake tangu mwaka 1995. Wakati huo nilikuwa mama wa watoto wanne, na kalamu niliishika kama mtu anayeshika nge. Tulikuwa wanawake wengi na wanaume wachache. Mwanamume aliyedumu kuliko wote alikuwa mzee Muse, mfugaji wa ngamia, aliyekuja kwa sababu alichoka kusomewa barua zake na wakwe.

Vitabu tulivyopewa vilitoka mbali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mti wa kahawa, na wa pili mahindi. Siku moja Muse alikifunga chake.

"Mwalimu, kahawa tunaijua, tunaikaanga kwa samli. Sasa ngamia yuko ukurasa gani?"

Amran alifungua kitabu, akakipekua chote mpaka jalada la nyuma. "Hayumo," alisema.

"Basi aliyekiandika hakututaraji."

Amran alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kesho yake alikuja na rundo la mifuko mitupu ya saruji aliyoiokota nyuma ya chumba. Tuliichana, tukaikung'uta vumbi, tukapata karatasi kubwa za kaki. Alifunga kamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, akatutuma nje tulete miiba ya mgunga, ile mirefu mieupe, tukazibana karatasi kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa.

"Kila karatasi ni jambo moja," alisema. "Anayelijua aandike. Anayejua zaidi aongeze. Anayeona kosa asahihishe. Tutaandika kwa makaa, kwa sababu makaa yanafutika. Tukikubaliana, tutapitisha wino."

Kalamu za wino mzito zilitoka kwa Diriye, mwenye duka kubwa karibu na msikiti, ambaye alikuwa adeer wa Amran, ndugu wa baba yake. Alizitoa kwa moyo mweupe, akasema mtoto wa kaka yake hawezi kuombaomba kalamu akiwa na mjomba na ami walio hai.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya ngamia. Muse aliandika kwamba ngamia hukaa mwezi mzima bila maji. Mwanamke mmoja alifuta "mwezi" akaweka "siku kumi". Muse akarudisha mwezi. Wakabishana wiki nzima, kila mmoja akiwataja ngamia wake mwenyewe kwa majina, hadi ikaonekana kwamba Muse alikuwa akisema juu ya majira ya majani mabichi na mwenzake juu ya kiangazi. Wote wawili walisema kweli. Tukaandika yote mawili, na majira yake, tukapitisha wino. Sijawahi kuona watu wazima wakijisifu vile kwa mistari miwili.

Tuligombana hata juu ya herufi. Ulimi wetu wa Kisomali hauipendi "p", kwa hiyo karatasi ya punda ilisomeka "bunda" mara tatu. Amran aliirekebisha, na mtu akairudisha, akisema bunda ndiye anayemjua yeye, huyo punda ni wa Mombasa. Habari zikaenea mjini. Watu wasiosoma walianza kuja alasiri kusomewa kamba. Wakibishana sokoni, mmoja angesema, "Twende kwenye kamba tukaone."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa na uzito. Neno likiwa kwenye kamba, watu waliliamini.

Palikuwa na karatasi ya chawa. Tuliandika kunyoa, kuchana, kuchemsha nguo. Siku moja ukaonekana mstari mpya kwa makaa: dawa ya kupe ya mbuzi ikipakwa kichwani mwa mtoto, chawa hufa siku hiyohiyo. Hatukujua nani kauandika, na hatukuuliza. Amran alikuwa Wajir kwa shughuli zake. Maka, jirani yangu, alisomewa mstari ule na dada yake, akaenda nyumbani akampaka Ruweyda, binti yake mdogo.

Nilisikia mayowe nikatoka mbio. Mtoto alikuwa anatokwa na mate, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Tukambeba mpaka zahanati, Maka mbele, mimi nyuma nimeshika kiatu kimoja cha mtoto bila kujua kwa nini. Tabibu alimwosha kichwa mara nyingi, akamdunga sindano, akakaa naye. Alhamdulillahi, kesho yake Ruweyda aliomba maziwa.

Amran aliporudi na kusikia, hakwenda kwake. Alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa Maka, akakaa chini mlangoni, hataki hata chai.

"Nimekukosea, abaayo, dada yangu," alisema.

"Hukuandika wewe."

"Kamba niliifunga mimi."

Maka alimtazama, kisha akamsukumia kikombe. "Kunywa. Mtoto amelala. Ukilia utamwamsha."

Wengine walitaka kamba ishushwe. Mwalimu mmoja wa shule alisema hayo ndiyo matokeo ya kumwachia kila mtu makaa. Amran aliwasikiliza wote darasani, amekunja mikono. Alipojibu, alijibu taratibu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kosa liliandikwa na mmoja, lakini sisi sote tulilipita. Wangapi hapa waliliona?"

Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Wangu ulikuwemo.

"Basi tangu leo, hakuna mstari bila mwenye kuujua. Uandike jambo, na pembeni uandike ulivyolijua: nimeona, nimefanya, nimeambiwa na fulani. Ukikuta mstari usio na mtu, uufute. Na dawa yoyote, tabibu aisome kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Tabibu alikuwa akipita kila Alhamisi akitoka kazini, akisoma kwa sauti na kutuchekesha kwa namna alivyokunja uso. Alifuta mengi. Mengine aliyaacha, akasema hata yeye hakuyajua.

Sasa nifike kwenye karatasi ya kisima.

Kisima cha El Birsa kiko upande wa mashariki wa mji, na koo mbili hukinywea. Mimi nimezaliwa katika ukoo mmoja na nimeolewa katika ule mwingine, kwa hiyo hadithi za pande zote nimelala nazo. Upande wa Amran husema babu yao alikichimba. Upande wa pili husema babu yao ndiye, na yule mwingine alikuja na ndoo wakati maji yameshaonekana. Ni ugomvi wa zamani, na kwa miaka mingi watu waliuzungumza kama mzaha. Lakini mwaka wa ukame mkubwa, 1992, mzaha uliisha. Asubuhi moja watu walifyatuliana risasi pale kisimani. Wakafa wawili. Mmoja alikuwa Fathi, mdogo wake Amran, aliyezaliwa naye tumbo moja. Wa pili alikuwa Abdow, kijana wa upande wa pili, aliyemwacha mkewe Sadia na mtoto wa mikononi.

Wazee walikaa, diya, fidia ya damu, ikatolewa, dua zikasomwa. Amani ikarudi, lakini ilikuwa amani ya watu wanaochagua njia ili wasipishane.

Na Sadia alikuwa mwanafunzi wa Amran. Alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Alisema "naam, Mwalimu" na "sijui, Mwalimu," na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Si yeye wala Amran aliyewahi kulitaja jambo lile.

Karatasi ya kisima iliandikwa kwa upole mwanzoni: kina chake, ladha ya maji, msimu yanapopungua. Kisha mtu akaandika babu wa upande mmoja. Kesho yake jina limefutwa, limewekwa la babu wa pili. Likafutwa. Karatasi ya saruji ni ngumu, lakini pale mahali pa jina palichakaa hadi mwanga ukapita.

Amran alibandika kiraka cha karatasi, akaandika mwenyewe: "Wengine husema kilichimbwa na babu wa huku. Wengine husema kilichimbwa na babu wa kule. Hakuna aliye hai aliyeona."

Wakati huohuo zilifika habari kwamba shirika moja litaleta pampu ya kisima, na litaunda kamati ya maji. Diriye alitaka uenyekiti. Alikuja darasani mchana, akasimama mbele ya kamba, fimbo imelazwa mabegani. Tulikuwa tunafagia.

"Amran, hii karatasi inasemaje?"

Akamsomea.

"Wageni wakija watasomewa hivyo?"

"Wakiuliza, adeer."

"Kisima cha babu yako unakiita cha 'wengine husema'? Hizo kalamu ni za nani?"

"Ni zako, na Mungu akulipe. Lakini zinaandika kilichopo."

Diriye alinyoosha mkono. Amran alikusanya kalamu zote kutoka dirishani, akazifuta vumbi kwa mtandio wake, akampa moja moja. Mzee alitoka nazo mfukoni, na tangu siku hiyo kamba yetu ikawa ya makaa matupu.

Tulimpenda zaidi kwa hilo. Tukamwona kama mtu asiyeyumba. Ndiyo maana yaliyofuata yalituuma.

Siku chache baadaye, Sadia alisimama kutoka safu ya nyuma, akaenda kwenye karatasi ya kisima, akachukua kipande cha makaa. Aliandika kwa herufi zake nzuri: "Mwaka 1992 Abdow alikwenda hapa kunywesha ngamia, akapigwa risasi akafa. Hakuwa na bunduki." Akarudi kukaa.

Amran alikuwa amesimama mezani. Aliusoma mstari ule. Akaenda kwenye karatasi, akafuta kwa kiganja yale maneno matatu ya mwisho, akaandika juu ya doa jeusi: "Bunduki ya kwanza ililia upande wao. Fathi aliuawa akijitetea."

Kisha ikatoka sauti kutoka nyuma, ndogo, ya adabu, sauti ya mwanafunzi.

"Mwalimu. Nani aliona?"

Amran hakugeuka. Mkono wake ulikuwa mweusi wa makaa, na aliuinua mbele ya kifua kana kwamba hajui auweke wapi. Mwaka ule wa ukame, tulijua sote, alikuwa Wajir kwenye mafunzo ya ualimu. Habari za Fathi alizipata kwa redio ya polisi.

"Darasa limekwisha," alisema.

Hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilipokwenda kwake nilimkuta anapepeta mtama uliokwishapepetwa.

"Qali," aliniambia, "miaka mitatu nawauliza watu nani kaona. Hili sikuwahi kujiuliza. Niliambiwa na adeer, nikalibeba."

"Kila mtu hubeba lake," nilimjibu.

Tulipokuwa bado tumekaa, Sadia aliingia uani. Alikuwa amemshika mtoto wake mkono. Alitoa salamu, tukaitikia, na Amran akainuka haraka akamtandikia mkeka, kisha akatandika wa pili juu yake, kwa haya.

"Nimekuja kusema kitu," Sadia alisema. "Mimi pia sikuwepo. Niliandika hakuwa na bunduki kwa sababu mama mkwe aliniambia. Abdow aliondoka nyumbani kabla sijaamka. Sijui alibeba nini."

Mtoto alichota mtama kwa ngumi akautia mdomoni, na hakuna aliyemkataza.

"Unajua nini?" Amran aliuliza. Na safari hii halikuwa swali la kumkamata mtu. Alitaka kujua.

Sadia alifikiri. "Alikuwa na ngamia jike mwenye sikio lililochanika, akimpenda kama mtu. Alikunywa chai yenye iliki mpaka inawasha. Alinifundisha kuandika jina langu, mchangani, kwa kidole. Wewe je?"

"Fathi aliwaimbia ngamia," Amran alisema. "Aliimba vibaya. Baba alisema wanakunywa haraka ili waondoke wasimsikie."

Sadia alicheka, akafunika mdomo. Amran naye akacheka, halafu kicheko kikawageukia kilio wote wawili, na mimi nikamchukua mtoto nikatoka naye nje kuangalia kuku.

Siku iliyofuata waliingia darasani pamoja. Walibandika kiraka kipya kwa uji wa unga, wakangoja kikauke, wakaandika kwa zamu, sentensi kwa sentensi, huku wakinong'onezana na kufuta:

"Mwaka wa ukame, 1992, Fathi na Abdow walikuja kisimani na ngamia wenye kiu. Wote wawili waliuawa kwa risasi. Kuhusu aliyeanza, kila upande una maelezo yake. Sisi tulioandika hapa hatukuwepo. Abdow alipenda chai ya iliki. Fathi aliwaimbia ngamia. Haya tunayajua." Pembeni wakaweka majina yao mawili.

Muse alisoma kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akauliza kama iliki na nyimbo ni habari za kisima kweli, maana tulikubaliana kila karatasi ni jambo moja. Lilikuwa swali la haki, na tulilijadili mpaka adhana ya alasiri. Mwishowe Maka alisema kwamba kama kisima kimewameza watu wawili, basi watu hao ni sehemu ya kisima. Muse akaridhika, akaongeza yeye mwenyewe kwa makaa: "Fathi kweli aliimba vibaya. Nimesikia."

Diriye aliambiwa. Alikuja akiwa amefura, na tulidhani atang'oa karatasi. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, na hapo nikakumbuka kwamba mzee huyu anasoma tarakimu tu. Nikasogea, nikamsomea polepole. Nilipofika kwenye nyimbo za Fathi, mtoto wa kaka yake, alitazama upande wa mlango.

"Na babu?" aliuliza. "Bado ni 'wengine husema'?"

"Bado, adeer," Amran alijibu.

"Mimi sikubali."

"Najua."

"Basi niandikeni. Andikeni kwamba Diriye hakubali."

Amran alinitazama, akanipa makaa. Nikaandika chini kabisa: "Diriye hakubali." Aliniomba nimwoneshe jina lake liko wapi. Akaligusa kwa ncha ya fimbo, akaondoka akiwa ameridhika kuliko nilivyomwona tangu habari za pampu zianze.

Watu wa shirika walipofika, kijana wao mmoja alitaka kuandika mwenye kisima. Alisomewa karatasi yote, pamoja na mstari wa Diriye. Alikuna kichwa, akasema fomu yake ina nafasi ya jina moja tu. Wazee wa pande zote mbili walioketi pale wakaanza kucheka, na kucheka pamoja ni kitu ambacho hawakuwa wamekifanya kwa muda. Kamati ikatoka nusu huku nusu kule, na Sadia akawa mtunza funguo. Pampu yenyewe iliharibika mwaka wa pili, tukarudi kwenye kamba na ndoo, lakini kamati ilibaki.

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 ziliingia darasani kupitia paa. Barabara zilikatika, mifugo ikafa kwa wingi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria karatasi. Tulipofungua mlango, nyingi zilikuwa zimegeuka uji sakafuni. Zilizosalia hazisomeki. Nilimtazama Amran nikidhani atavunjika moyo. Alitandaza moja juani, akaiinamia.

"Hii ya ngamia ilikuwa na makosa hata hivyo," alisema.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Bute. Tulimsindikiza hadi kwenye lori, Maka akilia waziwazi, Ruweyda akining'inia kwenye mtandio wa mwalimu, na Diriye akigombana na dereva ili ampe kiti cha mbele. Kisha mzee huyo alitoa mfukoni kalamu za wino, zile zile au nyingine, akamtia Amran mkononi.

Darasa alipewa Sadia. Anafundisha hadi leo, na ni mkali kuliko mwenzake. Amran alikuuliza umelijuaje jambo ulilosema. Sadia naye huuliza hivyo, kisha huuliza kama yupo mtu anayelijua kinyume, na kama umekwenda kumsikiliza. Wiki iliyopita alinirudisha nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, jua la saa nane, nikamsikilize shemeji yangu, tunayenuniana naye, juu ya jambo nililokuwa nimemsimulia. Nilikwenda.